Kijistari cha Hasi

Jumatatu, 3 Februari

Mada mpya leo. Umbo sanifu. Baba ameingia darasani na chaki yake nyuma ya sikio, akaandika ubaoni namba ndefu kama treni — 150,000,000. Akasema hizo ni kilomita za kutoka tulipo mpaka kwenye jua, kwa makadirio, nani ana hamu ya kuandika sifuri hizo kutwa nzima? Basi akaisogeza nukta kwa kidole, ruka, ruka, ruka, mpaka ikatua kati ya moja na tano. 1.5 × 10⁸.

Tarakimu moja tu mbele ya nukta, akasema, nayo isiwe sifuri. Halafu akagonga kile kijinamba cha juu mpaka chaki ikakatika. "Hiki ndicho kipeo. Kidogo kuliko wenzake wote, lakini ukikikosea umemhamisha mtu kutoka jikoni kwake mpaka mwezini."

Hakuna anayefundisha kama yeye. Sisemi kwa sababu ni baba yangu. Nasema kwa sababu hata mwenzetu Redio alinyamaza, na Redio hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni.

Shuleni namwita Mwalimu. Wenzangu wanamwita Nukta, maana kila akikuta kosa anauliza, "Nukta iko wapi?" Mimi basi ni Desimali. Sijali. (Najali.)

Mwisho wa muhula mmoja wetu atapelekwa shule ya sayansi ya bweni. Mmoja tu kwa darasa, kwa alama za hesabu za muhula huu. Wanaotajwa ni wawili: mimi na Sindano, ninayekaa naye dawati moja. Anaitwa Sindano kwa mwandiko wake — mwembamba, mdogo, wa penseli, utadhani karatasi anaiazima. Tumeahidiana atakayekosa hatanuna.


Alhamisi, 6 Februari

Aibu! Bado masikio yananiwaka.

Leo zamu ilikuwa ya namba ndogo. Ndogo sana, za chini ya moja. Nukta inaruka kwenda kulia na kipeo kinakuwa hasi. Mwalimu akachukua kitabu, akakisogeza usoni, akakirudisha mbali, akasoma: unene wa unywele wa binadamu ni mita 7 × 10⁵. Akaandika hivyo hivyo ubaoni.

Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu. Kinasema 10⁻⁵. Kijistari kipo, nimekigusa kwa kucha.

Redio akanyoosha mkono. "Samahani Mwalimu, huo unywele ni wa nani? Maana hapo ni kilomita mia saba. Kitana chake anakinunua wapi?"

Darasa likaanguka. Watu wamelala juu ya madawati kwa kicheko. Mimi nilikuwa natazama ubao, nikimwomba kimoyomoyo — Baba, rudi nyuma, angalia tena. Aliangalia. Alisimama kabisa mbele ya ile namba, akainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza, kisha akageuka na kusema Redio atoke nje, na akatafute adabu huko huko.

Redio alitoka. Alikuwa sahihi na alitoka. Nami nikanyamaza kama maji mtungini.


Ijumaa, 7 Februari

Madaftari yamerudi. Maswali kumi. Mimi kumi kwa kumi.

Sindano matatu kwa kumi.

Alidhani kapewa daftari la mtu mwingine. Akageuza jalada, akaona ni lake. Akaniomba langu. Tukayaweka pamoja juu ya dawati, la kwake na la kwangu. Swali la kwanza, sawa kwa sawa. La pili vilevile. 0.00036 — mimi 3.6 × 10⁻⁴, yeye 3.6 × 10⁻⁴. Langu lina alama ya vyema. La kwake lina mkasi mwekundu wa kosa umepita juu yake. Hivyo hivyo mpaka chini, maswali saba. Yale matatu aliyopata ni ya namba kubwa.

Aliyafunga madaftari yote mawili, moja moja. Afadhali angenitukana. Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia, kwamba kumbe ndivyo ninavyopata mia mia zangu, yeye alikuwa anadhani nasoma.

Nikamwambia ampelekee Mwalimu aangalie upya. Akasema aende kushitaki kwa nani, kwa baba wa mshitakiwa?

Kwenye kipindi cha mwisho alihamia dawati la nyuma. Amebeba na rula yetu. Ilikuwa yake, ni kweli, lakini tulikuwa tunasema yetu.


Jumamosi, 8 Februari

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Mimi naandika kwa kalamu ya wino mweusi, nakandamiza mpaka ukurasa wa pili unasomeka. Kijistari changu cha hasi ni kama gogo. Cha Sindano ni kama kope.

Sasa naona mambo mengine. Baba hasomi tena gazeti, anasema hakuna jipya. Juzi alimsalimia mlinzi wa shule kwa jina la karani. Chumvi aliweka kwenye chai, tukacheka wote, naye akacheka kwa sauti kuliko sisi.

Sitaki kuandika ninachofikiri.


Jumapili, 9 Februari

Nimeandika, haya.

Mchana Baba alikuwa mezani, mama chumba cha mbele anamsuka mteja. Nikachukua karatasi nikaandika kwa penseli, saizi ya Sindano: 4.6 × 10⁻³. Nikampelekea. Baba, hii nimeiandika vizuri?

Akatazama. "Vizuri. Elfu nne na mia sita."

Nikasema kuna hasi.

Akatazama tena, karatasi akaisogeza pembeni, kulia, juu, kama anatafuta mwanga wa kuikamata. Kisha akaikunja. "Unanipima? Mimi?"

Nilisema hapana. Akasema namba nimezijua kabla mama yako hajajua kuwa utazaliwa. Akatoka. Mlango aliubamiza hadi vitana vya mama vikadondoka rafuni.

Mteja alipoondoka, nikamuuliza mama moja kwa moja. Baba ana nini machoni? Mama akaendelea kuzoa nywele sakafuni. Akasema nimwache mzee apumzike, amechoka. Nikauliza tena. Ndipo akakaa juu ya stuli ya wateja na fagio mkononi, akanieleza. Daktari wa macho aliwaambia tangu mwaka jana. Katikati ya jicho kuna sehemu inakufa polepole. Pembeni anaona — mlango, ubao, watoto wamekaa. Lakini anachokitazama hasa, hicho ndicho kinachopotea. Miwani haisaidii. Si ya kusaidiwa na miwani.

Nikamuuliza shuleni wanajua? Akaniangalia kama nimeuliza iwapo moto unanyweka. "Wakijua watampeleka stoo akahesabu mafagio. Baba yako! Nani atamfufua baada ya hapo?"

Tangu mwaka jana. Wamekaa nalo humu ndani, wanakula nalo, na mimi najifunza umbo sanifu.


Jumanne, 11 Februari

Baba ameniita baada ya shule, kwa upole. Upole wa kutisha. Ameweka rundo la madaftari mezani. Akasema macho yananisumbua kidogo siku hizi, vumbi la chaki, wewe nisomee tu, mimi nitasahihisha.

Nimemsomea. Nilipofika daftari la nane akanipa kalamu nyekundu. "Wewe weka. Unajua majibu."

Kwa hiyo sasa nasahihisha madaftari ya darasa langu mwenyewe. Na langu pia! Nikamuuliza la kwangu nifanyeje. Akasema kuwa mwaminifu. Rahisi kwake kusema.


Ijumaa, 14 Februari

Nimerekebisha lile la Sindano. Matatu yamekuwa kumi. Baba alimrudishia mbele ya wote, akasema mwalimu naye ni binadamu. Sindano alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akarudi nyuma. Hakunitazama.

Nilitegemea nini? Anirudishie rula?


Jumatano, 19 Februari

Mtihani mdogo. Maswali ishirini. Huu ndio unaohesabiwa.

Nimesahihisha leo jioni kabla ya chakula, Baba amekaa mkabala anamenya chungwa kwa vidole bila kulitazama. Karatasi ya Sindano niliipitia mara mbili. Kumi na tisa. Alikosea la kumi na nne: jumlisha namba mbili halafu andika jibu kwa umbo sanifu. Aliandika 48 × 10³. Thamani ni sahihi, lakini tarakimu mbili mbele ya nukta — siyo umbo sanifu. Ilitakiwa 4.8 × 10⁴. Nikamsomea Baba. Akasema bila kusita, "Kosa. Nukta iko wapi?"

Yangu: kumi na saba. Nilijipa kumi na saba! Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, wino upo, na nikajikata matatu. Nalala nikiwa wa pili na hakuna atakayejua kwamba nilikuwa mwaminifu. Hata huyu aliyeniambia niwe.


Ijumaa, 21 Februari

Wamejua.

Alama za vyema za Baba zina mkia mrefu unaopinda juu. Za kwangu hazina. Sindano na mwandiko — angekosa vipi kuona? Alisimama wakati wa mapumziko na karatasi ya muhula uliopita mkono mmoja, ya juzi mkono mwingine. Akawaonyesha wote. Akasema tazameni, hata kosa langu moja kanitafutia. Kumi na nne. Jibu ni lile lile, arobaini na nane elfu, kanikata kwa wivu.

Nikamwambia siyo umbo sanifu, tarakimu zimekuwa mbili. Nikaanza kumweleza. Namweleza hesabu, mbele ya watu, mimi! Nilijisikia ninavyosema, sauti ile ile ya Baba, hata kidole nimekiinua. Mtu akapiga mluzi.

Redio peke yake hakusema kitu. Baadaye alinifuata bombani, akaniuliza kama mzee anaumwa. Nikasema haumwi. Akasema sawa, babu yake naye alikuwa haumwi hivyo hivyo. Akaondoka zake.


Jumatatu, 24 Februari

Mama yake Sindano amekuja shuleni. Mwanamke mrefu, anauza viatu sokoni, amesimama ofisini kwa Mwalimu Mkuu saa nzima na sauti yake imefika mpaka uwanjani. Simlaumu. Ningekuwa na mama wa namna hiyo ningempenda.

Mwalimu Mkuu amesema Jumatano atakuja kukaa darasani. Kipindi cha hesabu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Baba amepokea habari kama mtu anayealikwa harusini. Ameoga, amepiga pasi koti lake mwenyewe (mkunjo mmoja kaukosa, mama kaumalizia alipogeuka). Kisha akanikalisha. Akasema somo lote lipo kichwani, kitabu sina haja nacho. Tatizo ni moja tu: mtu akija kuandika ubaoni. Namba nitaziona. Ile hasi ndiyo inanichezea. Basi wewe utakaa mbele. Ikiwa hasi, jikune sikio.

Nikasema, Baba, utaniona mimi nikijikuna sikio na kijistari hutakiona?

Akasema, "Wewe ni mkubwa kuliko kijistari." Akacheka. Mama naye akacheka. Nilidhani nitacheka pia, mdomo ulifunguka, ikatoka sauti nyingine.


Jumatano, 26 Februari

Niandike haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Alikuwa bora kuliko siku zote. Mwalimu Mkuu amekaa nyuma na miwani yake ya kamba, na Baba anatembea kati ya madawati kama mwenye nyumba. Aliuliza chembe ya vumbi ina ukubwa gani, nani aliwahi kuipima. Alimfanya Redio awe nukta, akamrusha kati ya watu waliosimama kama sifuri, kulia kwa ndogo, kushoto kwa kubwa. Tulicheka kicheko kizuri. Hata Sindano. Nilimwona.

Nikawa nawaza, labda tutapita.

Kisha Mwalimu Mkuu akaomba ruhusa. Akasema angependa mwanafunzi mmoja aandike ubaoni kipenyo cha bakteria kwa mita, na Mwalimu amsahihishe. Baba akasema kwa furaha kabisa, milioni mbili kati ya… akajisahihisha, mbili kwa milioni, 0.000002. Nani ataandika? Mikono ikainuka. Mwalimu Mkuu akamchagua Sindano.

Sindano akapita pembeni ya dawati langu. Akachukua chaki, akaandika kwa ule mwandiko wake, juu kabisa kwenye kona: 2 × 10⁶.

Bila hasi.

Sindano hawezi kukosea kitu kama hicho. Hata usingizini. Alirudi nyuma hatua moja, akageuka, na hakumtazama Baba. Alinitazama mimi. Mikono yangu.

Nikaelewa. Anajua kuna kitu. Hajui ni nini, lakini anajua kinapitia kwangu.

Baba amesimama mbele ya ubao, kichwa kimeinama upande. Uso wake mtulivu. Ananisubiri. Sina alama ya "haina hasi lakini ilitakiwa iwe nayo." Hatukupanga hiyo! Nikijikuna, atasema hasi ipo, sahihi. Nisipojikuna, atajua haipo, atasema kosa, ameokoka. Kwa hiyo kilichotakiwa ni kutulia tu. Kutofanya lolote. Ni kitu rahisi kuliko vyote duniani.

Nikatulia. Mikono juu ya dawati, kama picha.

Naye hakungoja. Au aliona kitu pembeni, mtu mwingine kashika kichwa, sijui. Jibu alilijua yeye, lipo kichwani, bakteria ni hasi sita siku zote, akaona kile anachokijua. Akasema kwa sauti kubwa, "Sahihi kabisa. Mbili mara kumi kipeo cha hasi sita. Mpigieni makofi."

Hakuna aliyepiga.

Baba akarudia, makofi jamani. Viganja viwili vitatu. Akatabasamu kuelekea dirishani.

Hata Redio hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso. Na Sindano akaanza kulia, pale pale ubaoni, chaki mkononi. Hakutaka hiki. Alitaka kunikamata mimi, akamkamata yeye. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Njiani kurudi nyumbani Baba akaniuliza imekwendaje. Nikasema vizuri.


Alhamisi, 27 Februari

Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu. Baba yuko ndani. Nimeambiwa nisubiri nitaitwa.

Asubuhi, Baba akiwa bafuni, mama alinisimamisha jikoni. Alikuwa ameshajua, sijui kwa nani. Akanishika mabega. Akasema, mwanangu, wakikuuliza kuhusu kusahihisha, kubali. Sema ulichukua madaftari mwenyewe, ulitaka kusaidia. Wewe ni mtoto, watakupa adhabu itapita. Yeye haitapita.

Nikamuuliza na shule ya bweni? Akasema shule zipo nyingi. Baba ni mmoja. Kisha akanifungia mkanda wa sketi kama nina miaka mitano.

Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yanauma, lakini mkanda nilimwachia aufunge.

Dirisha la ofisi lina kioo kimoja kimevunjika, wameweka boksi. Kila kitu kinasikika. Mwalimu Mkuu anaongea pole pole. Anasema hawezi kumpeleka mwanafunzi yeyote mpaka ajue alama zilitoka mkononi mwa nani. Anasema suala la jana ni jingine, watalizungumza, ana heshima naye miaka yote hii. Lakini la madaftari kwanza. Anamuuliza: ulimpa mtoto asahihishe?

Nimesikia kiti kinalia.

Baba anasema, "Mtoto anapenda kusaidia. Mimi sikumwagiza."

Ameshasema. Sauti yake ni ile ya darasani, inasikika mpaka dawati la mwisho. Anaendelea, ananisifu, akili nyingi, ana haraka, hajui mipaka, nitamrekebisha nyumbani. Hajui mipaka! Mimi niliyejikata matatu.

Nadhani ningeweza kumsamehe kama sauti ingetetemeka kidogo.

Sindano anakuja. Anapita kwenye ukumbi na barua ya ruhusa, amesimama karibu na mlango wa darasa la kwanza. Macho mekundu. Anataka kusema kitu au anataka nianze mimi. Nimeinamia daftari, najifanya naandika. Naandika kweli.

Mwalimu Mkuu anauliza, sasa nikimwita akisema tofauti? Baba anasema hatasema tofauti. Namjua binti yangu.

Kiti tena. Hatua.

Mlango umefunguka. Ni Baba amekuja kuniita mwenyewe. Mimi niko hapa, kwenye benchi, mbele yake kabisa, naweza kugusa koti lake. Ananitafuta. Anageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, anatabasamu lile tabasamu lake, anasema, "Njoo, mwanangu, usiogope," — analiambia koti la mtu lililotundikwa ukutani.

Sindano ameziba mdomo kwa mkono. Ameona.

Ndani Mwalimu Mkuu anauliza kama nipo.

Baba anasema yupo, huyu hapa, na ameunyoosha mkono kwenye lile koti.

Sijaitika.